Nani Kamuua Azimio?

Simu ilikuwa na maneno matatu tu: "Azimio kauawa Kwemzinga." Karani wa bomani aliyeipokea alikiacha chombo kikining'inia, akazikwea ngazi mbili mbili mpaka kwa wakubwa. Kabla mtu hajauliza Azimio ni nani, amri ilikwisha shuka: mhujumu akamatwe, apelekwe Tanga kwa gari la alasiri. Baadaye ikajulikana kwamba Azimio ni ng'ombe wa shule. Watu walicheka, wakafuta machozi, lakini hakuna aliyethubutu kuirudisha amri juu ilikotoka. Amri ya wakubwa ni jiwe la mlimani. Likishaanza kuporomoka, mwenye akili husogea pembeni.

Inspekta Darweshi hakusogea. Alikuwa mtu wa Tanga mjini, mrefu na mkavu, mwenye koti zito ambalo alilivua jua lilipochomoza na kulivaa tena wingu lilipopita, hivyo kutwa nzima. Kiti alichopewa katika ofisi ya shule kilikuwa bado hakijamjua. Alizunguka chumba, akachungulia dirisha la mbele, akachungulia la nyuma. Mbele, Landrova ilisubiri kando ya lango. Nyuma lilikuwapo banda la ng'ombe, tupu.

"Ndugu Inspekta, kesi hii imeiva," alisema Mwalimu Mkuu Nikodemo, akimfuata kwa hatua fupi za haraka. Alikuwa mfupi, nadhifu, mwenye viganja vilivyoota sugu za jembe. "Mtu tunaye. Chupa ya sumu tunayo. Maneno aliyasema kwa mdomo wake, shule nzima ikisikia. Kilichobaki ni wewe kutia saini."

"Alikufa lini?"

"Jana mchana. Kiranja wa mifugo alimkuta kalala, miguu kainyoosha. Ng'ombe wa maziwa wa kizungu, aliyetoka shamba la mifugo la Kwai, Ndugu! Tulimpokea kwa ngoma. Mgeni wa mkoa alikuwa aje amwone katika sherehe za Azimio, ndiyo maana tukampa jina lile. Aliyemuua alijua anaua nini."

"Na aliyemlisha mara ya mwisho?"

Mwalimu Mkuu alikohoa. "Ni zamu. Hapa kila jambo ni kwa zamu."

Darweshi alimtazama kwa muda zaidi ya ilivyohitajika, kisha akatoka.

Kwemzinga ilikuwa pembezoni mwa mji wa Lushoto, mahali ambapo mtu husikia kelele za soko lakini haoni wanunuzi. Ilianza kama shamba la Mjerumani. Chini ya Mwingereza ikawa shule ya watoto wa walowezi, ikafungwa, ikafunguliwa, na sasa ilikuwa sekondari ya serikali yenye bango jipya juu ya kuta zile zile nene: ELIMU NI KUJITEGEMEA. Chini ya jikoni palikuwa na chumba cha mawe ambamo mlowezi aliweka siagi yake isiyeyuke. Humo ndimo alimofungiwa Nathanaeli wa kidato cha nne.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa tu."

"Nimekaa tangu jana, afande. Makalio yamekufa ganzi. Naomba nisimame."

Basi wakasimama wote wawili, kwa sababu Darweshi naye hakupenda kukaa. Kijana alikuwa mwembamba, kola ya shati lake imeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, kidevu amekiinua.

"Nasikia wewe mshairi."

"Sijafundishwa na mtu."

"Sikukuuliza nani kakufundisha. Nisomee lile la bwaloni."

Nathanaeli hakusita. Alilitoa kwa sauti ya kuimba, kama hakimu asomaye hukumu:

"Majani twakata sisi, ng'ombe akipata njaa,
Maziwa hatuyagusi, twanusa tu na kukaa,
Na afe basi upesi, nyama yake tutatwaa,
Kujitegemea gani, vikombe vyetu vi wazi?"

"Ulimwombea kifo," alisema Darweshi.

"Nilimwombea. Na mvua naiombea kila mwaka, wala sijawahi kukamatwa kwa mafuriko."

"Usinichezee, kijana. Gari liko nje. Ukishashuka nalo mlima, mtihani wa kidato cha nne utaufanyia gerezani. Chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe ilikuwa chini ya kitanda chako. Ya nini?"

"Muulize kunguni."

"Nakuuliza wewe."

"Afande, bweni letu walilala watoto wachache wa walowezi, kila mmoja na kabati lake. Leo tunalala wawili wawili kitanda kimoja, na kunguni hawajaambiwa kwamba uhuru umekuja. Nilichovya kitambaa nikapaka mbao. Nilikosa, nilichukua bila ruhusa. Nichapwe kwa hilo." Kwa mara ya kwanza aliutazama mlango. "Shairi ni langu. Ng'ombe si wangu. Mama yangu yuko nje?"

"Yuko langoni."

"Ana blanketi?"

"Analo."

"Basi amekwisha kuamini kwamba nakwenda," alisema kijana, akageukia ukuta.

Darweshi alipitia bwenini. Aliinua godoro la nyasi, akakwaruza ufa wa mbao kwa kijiti cha kiberiti. Kunguni waliokufa walidondoka kama mbegu za mchicha, na mbao zilinuka dawa mpaka macho yakamwasha. Chupa yenyewe ilikuwa imepungua kiasi cha kupaka kitanda, si cha kumwangusha ng'ombe wa kizungu. Nje, dereva wa Landrova alipiga honi.

"Bado!" Darweshi alifoka kutoka dirishani.

Bandani alimkuta Danieli, bwana mifugo wa wilaya, mzaliwa wa Kwai, mtu wa mashavu mapana aliyekuwa akiosha visu vyake kwa hasira.

"Onga mshi, Inspekta," alimwamkia kwa lugha ya kwao.

"Salama, bwana mifugo. Umeandika nini kwenye taarifa?"

"Niliandika ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Nikafuta. Nikaandika dawa ya kuogeshea, kwa sababu Mwalimu Mkuu alinishika mkono na chupa. Usiku mzima kalamu imenisuta."

"Kwa nini?"

"Dawa ile humtoa ng'ombe mate, humtetemesha, humharisha. Huyu alikuwa mkavu. Alianguka ghafla, kama taa iliyopulizwa, majani yangali mdomoni. Na damu! Nilipompasua ilikuwa nyekundu ng'avu. Ng'ombe aliyekufa kwa kukosa pumzi damu yake huwa nyeusi. Hii ingeweza kupaka bendera."

"Mmemla?"

"Nani athubutu? Kazikwa na nyama yake yote, na wanafunzi wamelia kuliko msibani. Wengine walililia nyama." Danieli alitoa chupa kubwa ya jamu iliyofungwa kwa nailoni. "Nilibakiza hiki cha tumboni nikipeleke Tanga kikapimwe. Majibu yatakuja ukiwa umekwisha staafu."

"Fungua."

"Kinanuka, Inspekta."

"Fungua."

Darweshi aliinama. Chini ya uvundo wa nyasi zilizochachuka palikuwa na harufu nyingine, nyembamba, chungu, ya jikoni. Aliinua kichwa, akainama tena.

"Lozi," alisema.

"Lozi gani huku milimani?"

"Ndiyo nauliza. Kwetu halua ya arusi hutiwa lozi. Ikiingia moja chungu, sinia zima hunuka hivi."

Aliruka ukingo akaingia katika hori la kulishia, koti likiburuta. Akapekua mabaki kwa vidole. Hapakuwa na nyasi nyingi. Palikuwa na vijiti vyembamba vilivyochunwa majani, kamba ya katani yenye fundo, na ndani ya fundo, kitu kidogo kilicholowa mate ya ng'ombe. Alikikunjua kiganjani. Lilikuwa ua jekundu la karatasi.

"Bwana mifugo, ng'ombe wa kizungu hula maua ya karatasi?"

"Hula chochote akipewa na mtu anayemwamini," alisema Danieli.

Timotheo, kiranja wa mifugo, aliitwa akaja akikimbia. Alisimama wima kama mlingoti, jasho likimtoka na hali upepo ulikuwa wa kuvaa sweta.

"Shikamoo, afande. Shikamoo, bwana mifugo."

"Marahaba. Jana asubuhi Azimio alikula nini?"

"Majani, afande."

"Majani gani?"

"Ya... ya kawaida, afande."

Darweshi alimwonyesha lile ua. Macho ya Timotheo hayakwenda kwenye ua, yalikwenda kwenye dirisha la ofisi, alimobaki Mwalimu Mkuu. Hilo likamtosha Inspekta. Alisogea akamkinga lile dirisha kwa mgongo wake.

"Sasa haoni. Sema."

"Yalitoka kwenye tao la kumpokea mgeni, afande."

"Nani aliyaleta hapa?"

Honi ikalia tena.

"Unasikia? Ile honi inamwita Nathanaeli. Ukimnyamazia mkubwa, mdogo atapanda gari. Mnajuana?"

"Tunalala kitanda kimoja, afande." Kijana aliuma midomo. "Mgeni alikuwa aje, akaahirisha. Tukangoja. Akaahirisha tena. Tao likanyauka. Jana asubuhi Mwalimu Mkuu akasema mgeni haji tena wiki hii, tao lishushwe. Sisi tukataka kuyachoma yale majani. Akakataa. Akasema shule ya kujitegemea haitupi kitu. Mzigo wa kwanza akaubeba mwenyewe begani, akamlisha Azimio kwa mkono wake, akatuambia, 'Hivi ndivyo kiongozi hufundisha.' Sisi tukapiga makofi."

Danieli alitazama chini. Darweshi alikuwa amekwisha anza kutembea.

Langoni lilibaki nusu ya tao. Upande wa kulia ulishushwa, upande wa kushoto ulikuwa bado umefungwa kwa katani kwenye nguzo, matawi yamelegea, majani yamekunjamana, maua ya karatasi yakitikisika katika upepo. Chini yake aliketi mama mmoja wa makamo mwenye kitambaa cheupe kichwani, na kapu miguuni ambamo blanketi lilichungulia. Alikuwa Dorkasi, mama yake Nathanaeli. Alitembea tangu alfajiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wamchukua sasa?"

"Bado. Haya matawi ni ya mti gani?"

Aliuliza ingawa aliiona: safu ya miti mifupi kando ya njia, iliyokatwakatwa ovyo, vidonda vyake bado vyeupe.

"Plamu. Za yule mzungu mwenye shamba. Wameikata vibaya, maskini. Lakini matunda yalikwisha, na minazi ya kutengenezea tao ataitoa wapi mtu wa huku?"

Darweshi alichuma jani bichi, akalisugua kiganjani, akanusa. Kidogo. Akachuma lililonyauka katika tao, akalisugua. Harufu ya lozi ilimpanda puani kama mtu kampiga kofi. Alimsogezea kiganja Danieli, aliyekuwa amemfuata. Bwana mifugo alinusa, akafumba macho.

"Tulifundishwa chuoni," alisema polepole. "Jamii ya miti hii, jani likinyauka sumu yake hukomaa. Azimio alikuwa akionja mabichi akipita, jani moja, mawili, hakudhurika. Hapa alipewa mzigo. Tumbo zima! Nilifundishwa, Inspekta, nikasahau, kwa sababu huku hakuna aliyewahi kumlisha ng'ombe plamu."

"Kwa nini hakuna?"

"Kwa sababu..." Danieli alikuwa akitazama mashimo ya nguzo kandokando ya ile safu, yaliyojaa maji ya mvua.

"Palikuwa na ua," alisema mama Dorkasi. "Ua wa miti, mrefu hivi. Sisi tukiwa wasichana tulifukuzwa hapa. Tulijua mzungu anatunyima matunda yake."

"Alikuwa akiwachapa?"

"Sisi alitufokea tu. Mwizi wa tunda alifokewa. Aliyechapwa ni mchunga mbuzi. Ukipitisha mbuzi hapa, bora usingezaliwa."

Darweshi alisimama tuli, kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Ua ule uko wapi leo?"

"Uling'olewa shule ilipokabidhiwa serikalini," alisema Danieli. "Nilikuwapo. Mwalimu Mkuu alishika shoka la kwanza, watu wakaimba. Tulisema huu ulikuwa ua wa ubaguzi. Nguzo zake tukajengea banda la ng'ombe."

"Na yule mzungu alipoondoka hakumwambia mtu kwamba ua ulikuwa wa kuzuia mifugo, si watu?"

"Angemwambia nani? Alikuwa hasemi na sisi, alikuwa anaamuru."

"Basi naye ana fungu lake katika mauaji haya," alisema Darweshi, akageuka kurudi ofisini, akipita madimbwi bila kuyakwepa.

Mwalimu Mkuu alikuwa amekwisha kumwekea kalamu mezani. Darweshi aliweka juu yake lile ua jekundu, kisha kamba, kisha tawi lililonyauka. Alimweleza yote akiwa amesimama, kwa maneno machache: harufu, damu, mbuzi, ua wa mzungu. Mwalimu Nikodemo alisikiliza, na kila neno lilipoingia, uso wake ulizidi kuzeeka.

"Nilimkamua kila alfajiri," alisema mwishowe. "Nilimlisha kwa mkono huu. Alinilamba."

"Naamini."

"Sikujua!"

"Najua hukujua. Lakini asubuhi hii nilipokuuliza nani alimlisha, ulisema zamu."

Mwalimu Mkuu aliinamisha kichwa. "Nilidhani haina maana. Majani ni majani. Nikaogopa watu watasema... Ndugu Inspekta, nisaidie. Amri imetoka. Wanataka mhujumu. Ukisema ni mimi, amri ile ile itanigeukia. Nina watoto. Shule hii nimeijenga kwa mikono, nimeikuta haina hata choo kizima!"

"Ilipomgeukia mtoto wa mwenzio hukuiona kuwa nzito?"

"Alinitukana mbele ya shule."

"Alidai kikombe cha maziwa mbele ya shule." Darweshi alikipiga teke kiti ambacho hakukikalia. "Nitaandika ajali, kwa sababu ni ajali. Nitaisimamia mbele ya mkubwa yeyote, bwana mifugo shahidi wangu. Lakini siandiki herufi moja kabla hujaita mstari. Jana ulisimama pale ukamtaja kijana. Leo utasimama pale pale."

"Na nikikataa?"

"Nitaandika kwamba mlishaji alifichwa. Hapo haitakuwa ajali tena."

Honi ililia kwa muda mrefu. Mwalimu Mkuu alinyanyuka, akarekebisha kola, akatoka nje. Aliichukua nyundo mwenyewe, akakigonga kile kipande cha reli kilichoning'inia nje ya jikoni. Madarasa yakamwagika. Wanafunzi walijipanga uwanjani, vidato kwa vidato, wakinong'ona na kusukumana, hata wapishi wakatoka na miko yao. Danieli alimleta Nathanaeli kutoka chumba cha siagi. Kijana alipepesa macho kwenye mwanga, akasimama peke yake pembeni, mbali na mstari, mahali pa mshtakiwa.

Mwalimu Nikodemo alipanda jukwaa la mawe. Upepo uliishika tai yake ukaitupa begani.

"Jana nilisimama hapa," alianza, "nikawaambia kwamba Azimio kauawa na adui."

Minong'ono ikakatika.

"Azimio alikufa kwa majani ya tao. Majani ya plamu yaliyonyauka ni sumu. Aliyembebea majani yale..." Alitazama langoni, penye Landrova, kisha akatazama mikono yake. "Mnajua nyote. Mliniona. Mlinipigia makofi. Aliyemlisha ni mimi."

Nyuma kabisa mtu aliangusha mwiko.

"Nathanaeli, rudi kwenye mstari wako."

Kijana hakusogea. Kidevu kilikuwa pale pale juu, lakini machozi yalikuwa yakimtiririka, naye hakuyafuta, kama mtu asiyekubali kwamba ni yake.

"Mwalimu," alisema. "Jana ulinitoa mstarini kwa mkono."

Walimu waliguna. Timotheo alifumba macho. Shingo ilimtutumka Mwalimu Mkuu, na Darweshi akadhani sasa mambo yameharibika. Kisha yule mtu mfupi akashuka. Alivuka uwanja hatua kwa hatua, shule nzima ikimwangalia, akamshika kijana mkono, mkono wenye sugu juu ya mkono wenye wino, akampeleka mpaka kidato cha nne, akamweka kando ya Timotheo. Langoni mama Dorkasi alisimama, akalitoa blanketi kapuni, akajifunika nalo uso ili watu wasione analia.

Darweshi hakungoja mwisho. Alikwenda kwenye nusu ya tao, akakata katani kwa kisu cha Danieli, akayakusanya matawi yote pamoja na maua yake ya karatasi, mbuzi wa mtu asije akapita akayala. Aliyatupa ndani ya Landrova, sehemu ya nyuma.

"Afande," alilalamika dereva, "nimeambiwa niteremke Tanga na mhujumu. Yuko wapi?"

"Huyo umembeba."

"Haya majani?"

"Mshike vizuri, asidondoke njiani."

"Afande, wataniuliza! Nitawaambia nani kamuua Azimio?"

Darweshi alivaa koti, akalivua, akalivaa tena. Alilitazama lango, sasa jeupe, wazi, halina hata jani.

"Waambie tulimngoja mgeni mno," alisema, akapiga mlango wa gari kwa kiganja. "Ondoa."